Michoro ya Barafuni

Bukoba na Muleba hatuna barafu ya kuchezea. Sisi mashabiki wa sanaa ya kuteleza barafuni huitazama kwenye televisheni tu; hata Nairobi ilipata uwanja wake, katika hoteli ya Panari, mwaka 2005.

Zamani mtelezaji alipimwa kwanza kwa michoro ya lazima: kwa makali ya kiatu alichora maduara barafuni, na waamuzi wakainama kukagua mistari. Mwaka 1990 michoro hiyo ikaondolewa katika mashindano ya kimataifa. Ikabaki miruko na mizunguko ya muziki.

Wapenzi wa ushairi wanaujua mgogoro huu. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, pamoja na Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, vina na mizani navyo vilihojiwa. Mimi, niliyejifunza utunzi bila mwalimu, niliunga mkono walioviacha.

Lakini mwaka 2015 watelezaji watu wazima walikusanyika Lake Placid, Marekani, kushindania michoro ile ile iliyofutwa. Hakuna aliyewalazimisha. Nami nimerudi kuhesabu mizani, kwa hiari yangu.