Wepesi wa Kodi ni wa Nani?

Historia ya kodi katika nchi yetu ni historia ya mvutano kati ya mtozaji anayetaka kazi nyepesi na mnyonge anayetaka haki. Tunapozungumza juu ya kurahisisha kodi, yatupasa kwanza tuulize: wepesi huo ni wa nani?

Wajerumani walipoweka kodi ya vibanda mwaka 1897, utaratibu wake vijijini ulikuwa mwepesi kabisa. Maakida na majumbe walihesabu vibanda, basi. Hapakuwa na fomu, wala swali juu ya mavuno ya mwenye kibanda. Asiye na rupia alilipa kwa jasho lake. Kodi hiyo, pamoja na kilimo cha pamba cha shuruti, ilichochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza walitunga sheria yao mwaka 1922, lakini kodi ya kibanda na ya kichwa ilibaki na tabia ile ile.

Uhuru haukuifuta tabia hiyo kwa siku moja. Kodi ya maendeleo ya halmashauri iliwakimbiza wanakijiji porini kila wanamgambo walipopita, hadi ilipofutwa mwaka 2003.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilikubali ukweli kwamba mama muuza vitumbua hana mhasibu. Mfanyabiashara mdogo asiyetunza vitabu hukadiriwa kwa mauzo yake ya mwaka. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vilikusudiwa kumwondolea machinga bughudha, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini tupige hesabu. Kwa aliyeuza shilingi milioni 4, malipo hayo yalikuwa nusu ya asilimia 1. Kwa aliyeuza 400,000, yalikuwa asilimia 5. Aliye chini zaidi alibeba mzigo mara kumi.

Fundisho ni wazi. Kurahisisha kwa kuwatoza wote sawasawa ni kurudia hesabu ya vibanda. Wepesi wa kijamaa hupunguza maswali, lakini hauliachi swali la uwezo. Basi fomu iwe fupi, iwe ya Kiswahili, na asiyejua kusoma asaidiwe kuijaza katika kata yake bila malipo. Ni wajibu wa dola kumwelewa mnyonge. Si wajibu wa mnyonge kujifunza lugha ya wahasibu.