Mikono ya fundi: mpiga kasia aliyekataliwa Henley



Nilipokuwa chuo Bukavu, wenzangu wakiniuliza baba anafanya kazi gani, nilikuwa najibu: "Ni mfanyabiashara." Uongo. Baba alikuwa mpiga kasia. Alivusha ndizi na mananasi ya watu kwa mtumbwi, na minerval yangu ilitoka mule mule.

Haya ile ilinirudia niliposoma habari za John B. Kelly.

Kelly alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1889, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa matofali, na kupiga kasia ulikuwa mchezo wake. Mwaka 1920 akaomba kushindana Henley, Uingereza, katika mbio za Diamond Sculls, za mtu mmoja mmoja. Wakamkatalia kwa sababu mbili. Ya kwanza, klabu yake ya Vesper ilikuwa imefungiwa juu ya pesa ilizochangiwa na watu kwa safari ya 1905. Ya pili ndiyo inauma: kanuni ilisema aliyewahi kufanya kazi ya mikono kwa mshahara si mchezaji wa ridhaa, yaani wa kucheza kwa kupenda tu.

Sasa angalieni. Diamond Sculls ya mwaka ule ilichukuliwa na Mwingereza Jack Beresford. Kisha ikaja Olimpiki ya Antwerp, kwa Wabelgiji, hao hao waliokuwa wanatawala Kongo yetu. Mbio za kasia zilifanyika kwenye mfereji karibu na Brussels. Fainali ikawa Kelly na Beresford, na Kelly akashinda kwa sekunde moja. Siku ile ile, pumzi haijarudi vizuri, akaingia tena majini na binamu yake Paul Costello, wakapata dhahabu ya pili. Mwaka 1924, Paris, wawili hao wakashinda tena.

Henley ilifuta neno la kazi ya mikono mwaka 1937. Mwaka 1947 mtoto wa Kelly, naye anaitwa John, akashinda Diamond Sculls ile ile iliyomkataa baba yake.

Kwa kanuni ile, nani kwetu Idjwi angepita? Wazee wote wanaokula jasho la kasia kwenye Ziwa Kivu wangebaki ufukweni wanatazama. Lakini juu ya nini niwacheke Waingereza? Kanuni ile ile ilikuwa ndani yangu, na hakuna aliyeniandikia.

Likizo iliyopita nilimwomba baba kasia. Nusu saa tu, mikono ikajaa malengelenge. Baba akacheka: "Mwanangu, hii nayo ina masomo yake."

Siku hizi nikiulizwa, nasema wazi: baba ni mpiga kasia. Na wewe, unajibu namna gani?