Kanda ya Harusi na Sare ya Mama



Kwenye duka langu la kushonea simu haikosi kuegeshwa pembeni ya cherehani. Wasichana ninaowafundisha kazi wanaweka video za taarabu, nasi tunashona huku tunasikiliza. Wao wanatazama mwimbaji, mimi natazama mshono. Wateja nao wamezoea hivyo. Mtu anaingia, hata maji hajanywa, anafungua simu: "Fundi, nataka mkono kama wa huyu dada, na hapa kifuani unipunguzie."

Wiki iliyopita msichana mmoja aliniuliza, "Dada, katika video zote hizi wewe unaipenda ipi zaidi?" Nilinyamaza kidogo, maana ninayoipenda haimo kwenye simu ya mtu yeyote. Ni kanda ya VHS ya harusi ya shangazi yangu mdogo, ya mwaka 1996. Lakini siwezi kuwaeleza habari ya kanda hiyo bila kuanzia mbali, tulikotoka na nyimbo zetu, tangu zilipokuwa sauti tupu.

Taarabu ilifika Unguja kwa mlango wa jumba la mfalme. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa, klabu ambayo ipo hadi leo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wapigaji na waimbaji wakiwa wanaume. Mwanamke wa kawaida, hasa wa Ng'ambo, alisikia kwa mbali.

Aliyegeuza mambo ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, wa ukoo wa wafinyanzi. Alihamia mjini mwaka 1911, na huko akakutana na wapigaji kama Subeti Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku na Mwalimu Shaaban. Akaimba kwa Kiswahili, lugha ya mama zetu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Santuri zikarudi kwa meli na kuuzwa pwani yote. Mtu wa Lamu au Tanga ambaye hajawahi kukanyaga Unguja akamsikia Siti akiwa amekaa barazani kwake.

Nataka mzingatie jambo moja hapa. Siti hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake wa Kijiti umebeba habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa hapa kwetu. Mwenye kosa akakimbilia bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliobebeshwa adhabu. Mahakama ilikwisha kazi yake na majalada yakafungwa, lakini wimbo ukabaki unashuhudia. Wanawake wasiojua kusoma waliijua kesi ile kwa kuimba. Kwa hiyo nikisema nyimbo zetu ni kumbukumbu, sisemi kwa kupamba maneno.

Hata hivyo santuri ina upungufu wake. Siti alifariki mwaka 1950, nasi tumebaki na sauti yake na picha chache. Mimi fundi nikiisikiliza santuri yake najiuliza mambo ya kifundi. Alikaa vipi akiimba? Kanga aliifunga namna gani? Nani aliinuka kumtunza, na alipoinuka alimtazama nani? Sauti haiyasemi hayo.

Na katika taarabu hayo ndiyo nusu ya habari. Kabla ya Mapinduzi wanawake wa mjini walikuwa na klabu zao, wakazipa majina makubwa kama Royal Air Force na Royal Navy, na upinzani wao haukuwa mdogo. Mpasho ulikuwamo kwenye shairi, lakini ulikuwamo pia kwenye sare, kwenye kanga iliyochaguliwa kwa jina lake, na kwenye hatua za mtu anayekwenda kutunza. Mwimbaji hamtaji mtu. Anayemtaja ni yule anayeinuka na noti mkononi ubeti fulani unapofika, akapita taratibu mbele ya kiti fulani. Waliokuwapo walielewa. Asiyekuwapo anahadithiwa, na hadithi, dada zangu, kila inapopita mdomoni inaongezwa chumvi.

Macho yalifunguka televisheni ilipokuja. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo Bara walisubiri hadi 1994. Video ninazozipenda kwa mshono ni zile za zamani za taarabu asilia, za klabu kama Ikhwani Safaa na Culture, iliyoanza mwaka 1958. Wapigaji wamekaa kwa safu, fidla, udi na kanuni mbele. Mwimbaji amesimama ametulia kama yumo kwenye mkutano wa heshima, na sare zao zimekatwa na fundi anayejua kazi. Wasichana wangu wanasema video hizo zinatia usingizi. Nawaambia watazame mabega, hakuna hata moja lililovuta.

Video nyingine ninayoipenda ni filamu ya mwaka 2006 iliyotengenezwa na Andy Jones kuhusu maisha ya Bi Kidude. Fatuma binti Baraka alimsikiliza Siti tangu udogo wake, akaimba nyimbo zake, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya. Kabla ya kujulikana nje, wanawake wa hapa walimjua kwa mambo mengine: kupaka hina, kutengeneza dawa, na kuwacheza wari unyago. Ngoma ya unyago aliitoa ndani akaipandisha jukwaani, akiwa ameifunga kiunoni, mtu mzima vile. Wapo waliofurahi kwamba urithi umehifadhiwa. Wapo waliosikitika kwamba jambo la wanawake, la nyuma ya mlango, limeonekana na kila jicho. Nikiitazama filamu ile nawaelewa wote wawili. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na lau isingepigwa picha, mwanangu asingejua mikono ile ilivyopiga ngoma.

Miaka ya 1990 ikaja rusha roho. East African Melody walianza mwaka 1992, kinanda cha umeme kikashika nafasi ya fidla nyingi, na watu waliokuwa wakikaa vitini wakaanza kuinuka na kucheza. Wakati huohuo deki za video zilikuwa zimeingia majumbani. Harusi ikawa haijakamilika mpaka iwe na taarabu na mtu wa kamera. Kwenye shughuli za wanawake tulimtafuta mwanamke ashike kamera, kwa sababu humo ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi na kila mtu amejipamba.

Kanda ya shangazi ndiyo ya wakati huo.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane. Baba yangu alikuwa na wake wawili, mama yangu mkubwa na mwenzake mdogo, na wote walikuwapo kwenye harusi ya wifi yao. Habari niliyokulia nayo ni hii. Mama alikataa sare ya familia akavaa nguo yake, ili asifanane na mke mwenzake. Kisha wimbo wa rusha roho ulipofika palipo pachungu, akainuka na noti akamtunza mwimbaji huku amemkazia macho mwenzake, na yule mwenzake akatoka nje analia. Hiyo ndiyo hadithi. Ilisimuliwa msibani, ilisimuliwa mabarazani, na mimi na dada yangu wa baba mmoja tukakua kila mtu na upande wake. Miaka zaidi ya ishirini, siku ya Idi nilikuwa napeleka sahani kila nyumba, nyumba yao naipita.

Mama alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilikuta kanda hiyo chini ya sanduku lake, imefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na karafuu. Binamu yangu aliyeko Muscat akaniomba niitoe kwenye kanda, niitie kwenye simu na kuiweka mtandaoni ili jamaa wote waione. Nikaenda duka moja mjini. Kijana akanieleza kwamba kanda ya VHS haihamishwi kwa haraka, inachezwa yote kama ilivyo, saa tatu ni saa tatu, naye lazima akae aitazame isije ikakwama. Nikamfikiria mama yangu na nywele zake wazi mbele ya kijana yule. Nikamwambia nitarudi. Siku ya pili nikamkodi deki na kifaa chake, mkewe akaja kunionesha kinavyounganishwa. Nikafunga duka langu, nikashusha mapazia, nikakaa peke yangu na kanda.

Ukungu ulikuwa umeila mwanzoni, picha inakatakata. Kisha mama akatokea. Sikulia mara moja, maana macho ya fundi yalitangulia. Mama alikuwa amevaa sare. Kitambaa ni kilekile cha kijani chenye nyuzi za dhahabu, sawa na cha wanawake wote wa familia, sawa na cha mke mwenzake. Kilichotofautiana ni mshono. Nguo yake ilikuwa imeachiliwa kiunoni, na ubavuni kimeongezwa kipande, kwa sababu alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Mtu wa mbali angesema hiyo ni nguo nyingine. Fundi hawezi kusema hivyo.

Wimbo ukaanza. Kweli mama aliinuka na noti, kweli akaenda kutunza. Lakini mgongo wake ndio uliokuwa kwenye kamera, uso haukuonekana. Kisha kamera ikageukia kwa bibi harusi, ikakaa huko muda mrefu, na iliporudi mama alikuwa ameshakaa. Kiti cha mwenzake kilikuwa kitupu. Nimerudisha pale pengine mara kumi, na kanda haijanipa zaidi ya hapo.

Suratul Hujurat inatufunza tuhakikishe habari kabla hatujamdhuru mtu kwa kutojua, na inatukataza kuwa na dhana nyingi. Aya hizo nimezisoma tangu chuoni, sikufikiria kwamba zinanihusu mimi na kitambaa cha kijani. Nusu ya hadithi yetu ilikuwa uongo mtupu, na tuliilea zaidi ya miaka ishirini.

Nikampigia simu dada yangu. Akaja na mama yake, ambaye sasa ni mtu mzima anayetembea kwa mkongojo. Tukaitazama watatu, mapazia yameshushwa. Bi mkubwa yule alitazama kimya mpaka picha ya mama ilipokuja karibu. Akasema, "Nguo ilimkaa. Kitambaa nilikwenda kukinunua mimi, na kipande cha ubavuni nilikikata kwenye changu." Pale palipo na kiti kitupu hakusema neno, nami sikumuuliza. Idi iliyofuata sahani yangu ilifika kwao, na yao ikafika kwangu.

Mtandaoni sikuiweka. Binamu yangu alinuna kidogo, nikamwambia akija Unguja ataitazama nyumbani. Wanawake mle ndani walivua buibui kwa kuaminiana, na wengine wameshatangulia mbele ya haki, siwezi kuwaomba ruhusa. Video ikishatoka hairudi. Mwaka 2016 Mzee Yusuf wa Jahazi alitangaza kuacha muziki kwa ajili ya dini, baadaye akarejea. Muda wote aliokuwa nje, nyimbo zake ziliendelea kuchezwa maharusini, ya jana haikuweza kuitwa nyuma. Najua pia masheikh wetu wanatofautiana kuhusu ala za muziki, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachokisema ni kuhusu amana. Santuri ya Siti ilitengenezwa isikike dunia nzima. Kanda ya mama ilipigwa itazamwe na waliokuwa mle ndani na watoto wao. Vyote viwili ni historia yetu, lakini kila kimoja kina mlango wake.

Dada yangu unayesoma, kama kuna kanda juu ya kabati lenu, usiiache iliwe na ukungu. Ihamishe sasa, kwa mkono wa mwanamke unayemwamini. Andika juu yake ni harusi ya nani na mwaka gani. Itazame pamoja na mama au bibi angali hai, umuulize nani huyu, nani yule, kitambaa hiki alikinunua nani. Mimi niliitazama nimechelewa, nusu ya majibu yamekwenda kaburini pamoja na mama.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, awasitiri waliobaki, na atuepushe na dhana mbaya. Amin.