Pesa ya Shule na Foleni: Historia Fupi ya Shule Huru Uswidi

Wengi wetu katika chama hiki tumesoma Stockholm. Tukiulizwa kwa nini tulisoma shule fulani, wengine hujibu kwamba wazazi walichagua. Wengine, kama mimi, tulipelekwa iliyokuwa karibu na nyumbani. Nyuma ya majibu hayo iko sheria ya mwaka 1992.

Kabla ya hapo, karibu watoto wote wa Uswidi walisoma shule za umma. Mwaka 1991 usimamizi wa shule hizo ulitoka serikali kuu ukakabidhiwa manispaa. Septemba mwaka huohuo Chama cha Demokrasia ya Kijamii kilishindwa uchaguzi, na serikali ya Carl Bildt ikaleta mageuzi: mtoto akijiunga na shule huru iliyoidhinishwa, manispaa yake iilipe shule hiyo angalau asilimia 85 ya gharama ya wastani ya mwanafunzi. Malipo hayo huitwa skolpeng, yaani pesa ya shule. Wazo lenyewe halikuwa geni. Mchumi Mmarekani Milton Friedman alilitetea tangu 1955.

Chama cha Demokrasia ya Kijamii kiliporudi madarakani 1994 kilishusha kiwango hadi asilimia 75, lakini hakikufuta mfumo. Kufikia 1997 shule huru zililipwa kwa masharti sawa na za manispaa, na zikakatazwa kutoza ada. Kwa hiyo si haki kusema kwamba upande mmoja tu wa siasa ndio uliojenga nyumba hii. Kampuni nazo ziliruhusiwa kupata faida. Mwaka 2013 kampuni ya JB Education ilipofilisika, maelfu ya wanafunzi walijikuta shule zao zinafungwa au zinauzwa.

Tanzania ilianza upande wa pili. Sheria ya Elimu ya 1969 ilitaifisha shule nyingi za madhehebu zilizokuwa zikipata ruzuku, ili dini ya mtoto isimfungie mlango. Sera ya Elimu ya 1995 ikakaribisha sekta binafsi kwa mikono miwili, lakini pesa ya serikali haikumfuata mtoto. Mzazi anayetaka shule ya binafsi hulipa mwenyewe.

Ukilinganisha, Uswidi inaonekana imetenda haki zaidi: mtoto wa daktari na mtoto wa mfagizi wote hawalipi ada. Lakini shule huru ikijaa, inaweza kupokea watoto kwa kufuata foleni, na wako wazazi wanaoandikisha watoto wakiwa bado wachanga. Sisi tulifika nikiwa na miaka tisa. Mama alipopiga simu shule moja, aliambiwa nafasi zimeshikwa miaka mingi. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, ila mama hakuchelewa. Alikuwa hajafika nchini.

Mwaka 2022 serikali ilipendekeza foleni isiwe tena kigezo cha kupokea wanafunzi. Bunge likakataa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sheria ya 1992 ilipobaki nusu. Iligawa pesa kwa usawa, ikaacha muda na habari vigawanywe na bahati. Mzazi asiyejua kwamba foleni ipo hawezi kusemwa kuwa amechagua.