Hukumu ya kula uyoga na matunda ya msituni: suali kutoka Songea

SUALI: Sisi ni familia ya Unguja tuliohamia Songea, mkoani Ruvuma. Mvua zikianza, majirani hutuletea uyoga na matunda ya porini. Je, inajuzu kula tusivyovijua?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Asili ya mimea ni uhalali. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamevua katika asili hiyo chenye kudhuru na chenye kulevya. Rejeeni Suratul Baqara, aya ya 168 kuhusu kula vya halali vilivyo vizuri, na aya ya 195 inayokataza mtu kujitia katika maangamizi.

Matunda hayana tabu kubwa. Masuku na mbula wenyeji wanayajua tangu utotoni, na huuzwa hata sokoni. Kuleni yaliyoiva. Katika mboga, jihadharini na mnanaha usichanganyike na majani mengine: unapumbaza akili na huweza kuua.

Uyoga ndio penye hatari. Misitu ya miyombo ina uyoga mwingi mzuri, ukiwemo ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu. Lakini jamii ya Amanita ina wenye kuliwa na wenye kuua, na wote wawili huweza kuwa na pete shingoni na kifuko kwenye shina chini ya udongo. Anayeukata juu juu anakiacha kifuko hicho ardhini, na ndicho alama muhimu. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaushwa. Yale ya kutia sarafu ya fedha chunguni, au kusema wadudu wameula basi ni salama, hayana msingi.

Wapo wanaotoa hoja ya hadithi ya Said bin Zayd katika Bukhari na Muslim, isemayo kuwa kam'a ni katika Mann. Hadithi ni sahihi, lakini kam'a ni aina ya uyoga wa chini ya mchanga wa jangwani, unaojulikana na Waarabu. Haikuhalalisha kila kinachoota baada ya mvua.

Kwa hiyo: ulioletwa na mtu mjuzi, naye anaula na watoto wake, hapana ubaya. Mliouchuma wenyewe kwa kukisia, haifai kuula, na kumlisha mtoto ni dhambi zaidi.

Kutapika na kuharisha kwa sumu hii huanza baina ya saa 6 na 24 baada ya kula. Kisha mgonjwa hupata nafuu ya siku moja au mbili, na hapo watu husema amepona, kumbe ini linaharibika. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga, na walioula naye waende hata kama hawaumwi.

Ama mti uliomo katika shamba la mtu, ombeni ruhusa kwanza, na msitu wa hifadhi una taratibu zake.

Wallahu a'lam.