Mrushaji Asiyeandikwa: Kriketi ya Shule na Historia ya Kutambuliwa

Nduruma, kata iliyo chini ya Mlima Meru wilayani Arumeru, haijulikani kwa kriketi. Inajulikana kwa mto wake, mifereji ya kumwagilia, mahindi, mboga na mashamba ya maua. Ndiyo maana nilishangaa, nilipokwenda kuwasalimu ndugu zangu wakati wa likizo, kumkuta mpwa wangu wa kidato cha tatu akirusha mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa mafundi umeme kuelekea debe bovu. Alikimbia hatua kumi, akanyoosha mkono, debe likalia.

“Shikamoo mjomba,” akasema akihema. “Hiyo ni wiketi.”

Jioni akanisimulia kisa chake. Katika bonanza moja la shule lililofanyika mjini, alikuwa amewatoa wapigaji wanne wa timu pinzani. Timu yake ilishinda. Cheti na jozi ya viatu vikaenda kwa mwenzake aliyepiga mikimbio mingi. Hilo hakulalamikia. Kilichomuuma ni kwamba siku chache baadaye alipomwomba mwalimu takwimu zake, aliambiwa karatasi iliyoandikiwa matokeo ilikwisha kutupwa. “Sasa mjomba,” akaniuliza, “nikienda kuomba nafasi mahali, niseme mimi ni nani?”

Nimelibeba swali hilo hadi ofisini kwangu chuoni, na nimetambua kwamba ni swali la historia kabla ya kuwa la michezo.

Kwa wasioujua mchezo huu, mrushaji ndiye anayetuma mpira kwa mpigaji ili amtoe. Mirusho sita halali hufanya ova moja. Kazi yote ya mrushaji katika mechi hufupishwa kwa tarakimu nne: ova alizorusha, ova ambazo hazikutoa mkimbio hata mmoja, mikimbio aliyoruhusu, na wiketi alizopata. Mpigaji aliyetia fora hukumbukwa na watazamaji kwa sababu mpira uliruka juu ya vichwa vyao. Mrushaji aliyembana mpinzani kwa ova nne hukumbukwa na daftari tu. Likitupwa daftari, ametupwa yeye.

Tuanze mbali kidogo. Kriketi iliingia Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza, na ikastawi zaidi katika klabu za Wazungu na katika shule na jumuiya za Waasia. Katika Tanganyika ya kikoloni elimu ilitenganishwa kwa misingi ya rangi, na mfumo huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Mtoto wa Mmeru au wa Mwarusha hakuwa na sababu ya kuijua wiketi, kwa kuwa hakuruhusiwa kukaa katika darasa ambalo uwanja wake ulikuwa nayo. Hakuwa na upungufu wa kipaji. Mlango ndio uliofungwa.

Penye mlango wazi, matokeo yalionekana. Mwaka 1975 timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kucheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Wachezaji wake wengi walikuwa wa asili ya Asia, lakini miongoni mwao alikuwamo mrushaji Mganda, John Nagenda, aliyesoma King's College Budo na Makerere, ambaye baadaye alijulikana kama mwandishi na mshauri wa Rais Museveni. Alicheza mechi moja tu ya mashindano hayo, dhidi ya New Zealand mjini Birmingham, akapata wiketi moja. Timu ilipoteza mechi zake zote tatu. Hata hivyo, nusu karne baadaye, mimi nikiwa Arusha naweza kuisoma wiketi ile. Mtu fulani aliiandika.

Kenya ilijitenga na timu hiyo ya pamoja mwaka 1981, na mwaka 1996 ikaishangaza dunia kwa kuishinda West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune, India. Miaka saba baadaye, Februari 2003, kijana Collins Obuya alichukua wiketi tano za Sri Lanka kwa mikimbio 24 jijini Nairobi. Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, naye Obuya akasajiliwa na Warwickshire ya Uingereza mwaka huohuo. Hapa ndipo tunapoona kutambuliwa kukigeuka kuwa riziki: tarakimu mbili, 5 na 24, zilisafiri mbali zaidi kuliko barua yoyote ya utambulisho.

Lakini historia ya Kenya ina funzo la pili, nalo ni chungu. Kufikia mwaka 2014 nchi hiyo ilikuwa imepoteza hadhi yake ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sababu ni nyingi, ikiwamo migogoro ya uongozi. Kwangu mimi, funzo kuu ni kwamba kizazi kimoja cha mashujaa hakitoshi ikiwa nyuma yao hakuna shule zinazozaa wengine.

Uganda ilikwenda taratibu zaidi. Huko mashindano ya kriketi ya shule yamekuwa desturi, na vijana huonekana mapema. Frank Nsubuga aliingia katika timu ya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 16. Juni 2024, akiwa na miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la T20 huko Guyana: mirusho 24, mikimbio 4, wiketi 2. Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo. Kati ya kuonekana kwake na siku ile kulipita miaka 27. Anayetaka mavuno ya msimu mmoja asipande mwembe.

Na sisi? Baraza la Michezo la Taifa tulilianzisha kwa sheria mwaka 1967. Tulikuwa na michezo ya shule iliyoibua vipaji, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ikaisimamisha kwa hoja ya kulinda masomo, kabla ya kurejeshwa baadaye. Kila mwaka uliopotea ulikuwa na watoto wake, nao sasa ni watu wazima wasio na daftari. Pamoja na hayo, mwaka 2025 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo, lililopangiwa Zimbabwe na Namibia kwa mwaka 2026. Kwa hiyo uwezo upo. Tusichokuwa nacho ni njia ya wazi inayomtoa mtoto Nduruma na kumfikisha huko.

Najua hoja itakayotolewa: shule zetu zina upungufu wa madawati, walimu na vyoo, kriketi ya nini? Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Ila ninachodai hakihitaji bajeti ya uwanja. Filbert Bayi, kijana kutoka Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, saa ilimshuhudia. Mkimbiaji ana saa. Mrushaji ana daftari la shilingi chache, kalamu, na mtu mzima mwaminifu wa kuandika.

Kwa hiyo, kwenu maofisa elimu na maofisa michezo wa halmashauri: agizeni kwamba kila mechi ya shule, ya mchezo wowote, iandikwe jina kwa jina, na nakala ibaki shuleni na nyingine ifike wilayani. Kwenu wanaharakati: mnapodai viwanja, dai la kumbukumbu liwe la kwanza, maana kisichoandikwa hakiwezi kutetewa mbele ya kamati ya ufadhili. Kwenu wanafunzi: msimsubiri mwalimu. Andikeni wenyewe, tarehe, mahali, mpinzani na tarakimu, kisha mwombeni mwalimu atie saini siku hiyohiyo.

Kabla sijaondoka Nduruma nilimnunulia mpwa wangu daftari la kurasa 96 katika duka la jirani. Nilitaka aandike zile wiketi nne za mjini. Akakataa. “Hizo hazina shahidi, mjomba,” akasema. “Nitaanzia mechi ijayo.”

Nilinyamaza. Kama mwanahistoria, sikuwa na la kumpinga.