Upinde wa Chibinda Ilunga, mgeni wa Walunda

Ndugu wasikilizaji wa Kingamyambo, na ninyi jamaa mliohama makwenu: hapa kwenye mabaki ya madini, mtoto akiuliza upinde ulifanya kazi gani, tumwonyeshe wapi? Basi tumsimulie.

Wazee wa Kilunda wanasema Chibinda Ilunga alikuwa mwana wa mfalme wa Waluba. Chibinda ni kusema mwindaji. Alifika kwenye mto Kalanyi na upinde wake na nyama, malkia Lueji akampokea, wakaoana. Lueji akampa lukanu, kikuku cha ufalme. Hapo kaka yake, Chinguli, akakasirika, akahama na watu wake kwenda magharibi, upande wa Angola. Mgeni alipata kwake, mwenyeji akakosa. Kipande hicho tunapenda kukiruka.

Kwa Chibinda ndiko unakohesabiwa ukoo wa Mwant Yav, ambaye mji wake Musumba uko Kapanga, humu humu jimboni Lualaba.

Ajabu ni kwamba wachongaji wa Kichokwe, katika karne ya 19, walimchonga ameshika bunduki. Biashara ya pembe ilikuwa imezileta, na mwindaji mkubwa hakufikiriwa tena bila bunduki. Wazee lakini wanapomsimulia, wanamwachia upinde wake.